Kanzu ya Yusufu na Gwanda la Kuruta

Safari huanza saa tisa za usiku. Matatu iliyokodiwa husimama kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na Soko la Burma, na watu wa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, hupanda mmoja mmoja wakiwa na sufuria zilizofungwa kwa leso. Kuna pilau, kuku wa kukaanga, chapati zilizokunjwa nne nne. Nyanya amepewa kiti cha mbele. Shangazi amebeba mfuko wenye shati jipya la kitenge. Kitinda mimba amelala begani mwa mama. Wanaelekea Eldoret kwenye shule ya makuruta, au wataishia Lanet, nje ya mji wa Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Wanaenda kumwona kijana waliyeagana naye miezi mingi iliyopita, akiwa na nywele, fulana ya Arsenal na sanduku la bati lililofuliwa na mafundi wa Kamukunji.

Wakifika, wanakalishwa chini ya hema na kuambiwa wangoje. Kisha gwaride linaingia. Mamia ya vichwa vilivyonyolewa chini ya bereti za aina moja, mamia ya buti zinazogonga ardhi kwa mpigo mmoja. Mama anaanza kuhesabu safu. Wa tatu kutoka kushoto? Siye. Yule mrefu? Siye. Anatafuta kovu lililo juu ya jicho la kulia, alilolipata mwanawe akiwa na miaka sita alipoanguka kutoka kwenye ukuta wa City Stadium, lakini bereti imelala upande huo huo. Mwanamke aliyemwogesha huyo mtoto kwenye beseni hawezi kumtofautisha na wenzake.

Gwaride likiisha, dakika za kuonana hufunguliwa, na kijana anakuja kwa wazazi wake akiwa na sare kamili. Vifungo vimefungwa hadi cha mwisho, mkanda umekazwa. Shati la kitenge halivaliki leo. Litabaki mfukoni mpaka lirudi Shauri Moyo.

Kanuni ya namna hii, ya kijana kutovua sare mbele ya jamaa zake, ipo pia mbali na hapa, na kwingine ni kali zaidi. Katika chuo cha West Point, Marekani, ambako vijana wa Kenya nao wamewahi kuhitimu, mwanafunzi mpya hupewa sekunde chache tu za kuagana na wazazi siku anayoripoti. Jioni ya siku hiyo hiyo wazazi humwona akiingia uwanjani kula kiapo, amenyolewa, amevikwa sare, yumo katikati ya wenzake zaidi ya 1,000, na wengi hushindwa kumpata kwa macho. Katika chuo cha wanamaji cha Annapolis, wapya huanza mafunzo ya kiangazi mwishoni mwa Juni au mapema Julai, na wazazi huja kuwatembelea Agosti. Kijana hutoka nao mjini, hula nao, hupiga nao picha, lakini akiwa ndani ya sare nyeupe. Ruhusa ya kuvaa nguo za kiraia huja na ukubwa wa mwaka, na wa mwaka wa kwanza bado hajafika huko.

Ukimuuliza afande sababu, anazo, na si za kudharauliwa. Ya kwanza ni usawa. Shati la kijana wa Shauri Moyo limetoka Gikomba, hatua chache kutoka nyumbani. La kijana wa Muthaiga limetoka dukani Dubai. Wakiruhusiwa nguo za kwao siku ya wageni, kila mmoja atajua nani ni nani, na kazi ya miezi kadhaa ya kuwafanya ndugu itayeyuka kwa mchana mmoja. Sababu ya pili ni heshima ya nguo yenyewe. Sheria za Kenya zinamkataza raia kuvaa sare ya jeshi, na wachuuzi wa mitumba wanajua vyema kwamba koti la madoadoa ya kijani linaweza kuleta polisi kibandani. Kitu kinacholindwa na sheria kiasi hicho hakitundikwi msumarini kwa sababu wageni wamefika. Sababu ya tatu hutamkwa mara chache ingawa ndiyo nzito kuliko zote. Kijana bado hajaiva, na akivuliwa mapema huenda asirudi ndani.

Dini nazo zinaijua nguvu ya nguo moja. Mwanamume Mwislamu anayeingia katika ihramu ya hija huvaa vipande viwili vya kitambaa cheupe kisichoshonwa, na hapo tajiri na mchukuzi hawatambulikani. Watawa wa Kikatoliki huvishwa vazi la shirika lao kwa ibada maalumu. Kwa hiyo mama wa Pumwani anayeswali Msikiti wa Riyadha, au jirani yake anayesali Kanisa la Mtakatifu Yohana, hahitaji kufundishwa kwamba nguo inaweza kumbadilisha mtu. Amelijua hilo tangu utotoni.

Tena amelijua kutoka mbali zaidi, kwa babu zake. Vijana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa huvaa nguo nyeusi kwa kipindi kirefu, na mtu yeyote anayekutana nao njiani, nyuso zimechorwa kwa chokaa, anajua kwamba hawa kwa sasa si watoto na si watu wazima. Makabila mengi ya Kenya yaliwatenga vijana wao jandoni, yakawanyima kuonana na mama, yakawavisha nguo ya hali hiyo peke yake. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kitabu kizima juu ya dini na falsafa za Waafrika, na ndani yake anaonyesha jinsi jando linavyomwondoa mtoto katika jamaa ili limrudishe akiwa mtu wa jamaa hiyo kwa ukamilifu zaidi. Mtu, kwa Mbiti, hupata utu wake ndani ya watu wake. Hakuna utu wa peke yake unaongoja huko nje.

Neno la kushika hapo ni kumrudisha. Jando lote, pamoja na ukali wake, lina siku ya kutoka, wakati nguo ya kutengwa inapovuliwa na mama anapopiga vigelegele. Haji naye huvua ihramu na kupokelewa nyumbani. Lakini kuruta wa Eldoret havui. Siku ambayo mama anaidhani ni ya kumpokea, kwa jeshi ni siku ya kumtwaa. Sherehe ni moja na maana zake ni mbili. Nyanya anapiga vigelegele kama alivyopiga mjomba alipotoka jandoni, na baada ya saa mbili kijana anarudi bwenini na matatu inarudi Nairobi bila yeye.

Plato aliliona jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na akachagua upande. Katika kitabu chake cha Jamhuri anawafananisha walinzi wa mji na mbwa wa asili njema, wapole kwa wanaowajua na wakali kwa wageni. Kisha anaendelea hadi mahali pa kutisha. Ili walinzi wasipendelee nyumba zao, wasiwe na nyumba kabisa. Watoto wa walinzi wasiwajue wazazi, wala wazazi wasiwajue watoto. Katika mji wa Plato hakuna siku ya kutembelewa, maana hakuna wa kuja. Mwanafunzi wake Aristotle alimpinga kwa mfano wa mezani. Mapenzi yaliyogawiwa kwa kila mtu, alisema, huwa kama divai tamu kidogo iliyomwagwa kwenye maji mengi, utamu wake hauonjeki tena. Mlinzi asiye na mama hawi mlinzi bora wa mama wa wengine. Mwandishi huyu yuko na Aristotle, na anaamini kuwa jeshi lolote linalofungua lango lake kwa jamaa za makuruta, hata kwa saa mbili, limekwisha kukiri kwamba Plato alikosea.

Mtaani kwenyewe, gwanda halijawahi kuwa nguo tu. Shauri Moyo ilijengwa na baraza la mji mwishoni mwa miaka ya 1930, na miongoni mwa waliopelekwa hapo walikuwamo watu walioondolewa kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Soko lake la nyama linaitwa Burma, jina la nchi ambako askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki walipigana na Wajapani mwaka 1944. Kariokor, mtaa wa karibu, jina lake ni Carrier Corps katika ndimi za watu, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambao wengi wao hawakurudi.

Halafu kuna Aprili 1954. Katika operesheni ya Anvil, maelfu ya askari wa serikali ya kikoloni walizingira mitaa ya Waafrika ya Nairobi, wakawatoa watu nyumbani kuchujwa, na zaidi ya 20,000 wakaishia kizuizini. Aliyenyoosha kidole kumtaja mtu wa Mau Mau alikuwa amefunikwa gunia kichwani, matundu mawili tu ya macho. Kwa wazee wa Eastlands waliosimuliwa hayo, hofu ya nguo inayoficha uso ina tarehe.

Na kuna Agosti 1, 1982. Kambi ya wanahewa ya Eastleigh haiko mbali na Shauri Moyo, na jaribio la mapinduzi la siku ile liliongozwa na wanahewa wa vyeo vya chini. Liliposhindwa, vijana wengi walitupa sare na kutafuta suruali na mashati ya kiraia ili wapotee mitaani. Nguo iliyokuwa fahari ya nyumba asubuhi ikawa ushahidi wa kifungo jioni. Kikosi chenyewe kilivunjwa, kikaundwa upya kwa jina jingine. Familia iliyoishi siku hizo inapomwona kijana ndani ya sare, fahari na woga huingia kwa mlango mmoja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina jibu lake kwa swali la nani anammiliki nani, na inafaa kusomwa polepole. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za wanajeshi, na haki zenyewe zimetajwa kwa orodha: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za aliyekamatwa. Orodha inaishia hapo. Heshima ya utu, iliyo katika Kifungu cha 28, haimo. Dhamiri na dini, Kifungu cha 32, hazimo. Familia, ambayo Kifungu cha 45 kinaitambua kuwa msingi wa asili wa jamii, haimo. Walioandika katiba walikubali askari aishi bwenini bila pazia. Familia yake hawakuigusa.

Wakenya wamekwisha kubishana mahakamani juu ya sare, ingawa ni za shule. Kesi ya hijabu katika shule ya Kimethodisti huko Isiolo ilifika hadi Mahakama ya Juu, na Januari 2019 ushindi ambao wanafunzi wa Kiislamu walikuwa wameupata katika Mahakama ya Rufaa ulitenguliwa kwa sababu za utaratibu. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ilimruhusu msichana Mrastafari kubaki na nywele zake za rasta shuleni. Hukumu hizo haziwezi kuhamishiwa kambini jinsi zilivyo. Hata hivyo zinaonyesha kwamba hapa kwetu sare si amri inayojitosheleza. Inaulizwa maswali, na inapaswa kuyajibu.

Lakini swali la shati la kitenge huenda limeulizwa vibaya tangu mwanzo, na anayelionyesha hilo ni Yusufu.

Kisa chake kimo katika Biblia na katika Kurani, na kwa sehemu kubwa ni kisa cha nguo. Kurani inamfuata kwa kanzu tatu: ile ya ujana iliyopakwa damu ya uongo ikapelekewa baba yake, ile iliyoraruliwa kwa nyuma ikamtetea mbele ya tuhuma, na ile aliyoituma mwishoni ikawekwa usoni pa Yakubu, macho yake yakaona tena. Na kabla ya msafara kufika, tangu ukiwa njiani, mzee kipofu alisema anaisikia harufu ya mwanawe. Waliokuwa karibu wakadhani amepotewa na akili.

Katika Mwanzo, Farao anamvika Yusufu kitani safi na mkufu wa dhahabu. Ndugu zake wanakuja kutafuta chakula, wanainama mbele yake, na hawamtambui. Yeye anawatambua. Anasema nao kupitia mkalimani ingawa anaelewa kila neno lao, na mara anajitenga kando kulia, ananawa uso, anarudi kuwa mkubwa wa Misri. Ni mwanajeshi gani kijana asiyeijua hali hiyo? Mama anamuuliza, "Unakula vizuri, baba?" naye, kwa kuwa sajini amesimama hatua tatu kutoka hapo, anajibu kwa sauti ya gwaride, "Nakula sana, mama," kama mtu anayetoa ripoti. Anazungumza na mama yake kwa mkalimani, na mkalimani ni yeye mwenyewe.

Sasa itazamwe saa ile anapojitambulisha. Yusufu havui kitani. Havui mkufu. Andiko halimtaji akibadilisha hata pete. Anachofanya ni kuamuru watu wote wa Misri watoke nje, na wakishatoka, analia kwa sauti hata nyumba ya Farao ikasikia, kisha anawaambia ndugu zake yeye ni nani. Nguo ya dola ilibaki mwilini mwake. Kilichoondoka chumbani ni macho ya dola.

Basi huenda afande ana haki juu ya shati. Kijana aliyeapa amebadilika kweli, na kumvalisha kitenge kwa saa mbili kungekuwa kumwonyesha mama picha ya zamani. Afadhali amwone alivyo. Ila kanuni ikivuka kitambaa, ikafika kwenye mabega, ikasema usimkumbatie, usikae karibu, usilie, usiseme lugha ya nyumbani, hapo imeshika kisichokuwa mali yake. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu cha mwaka 1961 kuhusu hospitali za wagonjwa wa akili, magereza na kambi, alionyesha kuwa taasisi za namna hii humvua mtu mambo aliyojijengea nje, kuanzia na nguo na vitu vyake. Mtu akitazamwa muda wote, hata mbele ya mama yake, hana tena pembe ya kujiweka.

Na jeshi lenyewe humhitaji huyo mama. Januari 15, 2016, Al-Shabaab walishambulia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Miili mingi iliporudishwa Nairobi haikutambulika. Namba za kazi na madoadoa ya kijani havikutosha kusema huyu ni nani. Jamaa ziliitwa zitoe vipimo vya vinasaba. Yaani siku sare iliposhindwa kusema jina la aliyeivaa, serikali ilirudi kwa wazazi na kuomba damu yao.

Jeshi linaweza kusikiliza, likitaka. Jenerali Francis Ogolla alijiunga nalo Aprili 1984, miaka miwili baada ya jaribio lile la mapinduzi, na akafa akiwa Mkuu wa Majeshi katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, siku chache kabla hajatimiza miaka 40 ya utumishi. Alikuwa ameagiza azikwe haraka, hata bila jeneza. Siku tatu baadaye, huko Alego, Siaya, mizinga 19 ilipigwa kama protokali inavyotaka, na mwili wake ukashushwa kaburini bila jeneza, kama alivyotaka yeye na kama familia yake ilivyosimamia. Dola na nyumba vilisimama kando ya kaburi moja na kila kimoja kikapata haki yake. Kama jambo hilo liliwezekana kwa mwenye cheo cha juu kuliko wote, tena ndani ya siku tatu, halishindikani kwa wa cheo cha chini kuliko wote, ambaye mama yake amesafiri zaidi ya kilomita 300 na sufuria mapajani.

Kijana huyo hahitaji mengi. Mila ya kijeshi inamtaka askari avue kofia anapoingia ndani ya nyumba, kwa hiyo hata kanuni ya sare haina haja ya kubadilishwa neno. Panatakiwa chumba. Darasa tupu linatosha, au bwalo kabla ya chakula cha jioni, mlango umerudishwa, sajini akingoja nje kama Wamisri walivyongoja. Nusu saa kwa kila nyumba. Kijana anaingia, anavua bereti kwa mkono wa kulia kama alivyofundishwa, anaishika ubavuni, na mama anainua kidole chake, polepole, hadi juu ya jicho la kulia.